Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Umeme: Tupeni Historia Kabla ya Waya Mpya

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nishati, Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shirika la Umeme Tanzania, Mkurugenzi Mtendaji, na Wakuu wa Mikoa ya Arusha na Kilimanjaro.

Waheshimiwa, shikamooni kwa walionizidi umri. Wengine hamjambo, maana siku hizi nikitazama taarifa ya habari naona viongozi wengi ni wadogo zangu, na wachache ni rika la wanangu.

Mimi ni fundi umeme. Nilianza kubeba ngazi ya fundi mkubwa mjini Moshi nikiwa kijana asiye na ndevu, nikahamia Arusha, nikatandaza nyaya katika nyumba za Kaloleni, Ngarenaro, Kijenge na Njiro tangu enzi za fyuzi za kauri zile za kufunga uzi wa shaba. Sasa magoti yamekataa ngazi. Koleo na tesita nimewaachia vijana. Sidai fidia, sitafuti zabuni, wala sina ndugu anayetaka kazi kwenu. Nina ombi moja tu, na halihitaji nguzo wala transfoma. Tunaomba historia ya umeme wa Kaskazini iandikwe, ihifadhiwe na ifunguliwe kwa wananchi, na iwe kwa Kiswahili.

Najua ombi hilo linaonekana dogo. Mtu aliyekatikiwa umeme nyama ikiwa kwenye friza la bucha hakumbuki kuuliza mwaka 1931 kulitokea nini. Lakini naomba mnivumilie, nitawaeleza nilivyofika hapa.

Machi 2025, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa ziarani Kilimanjaro alieleza kwamba kusafirisha umeme kutoka unakofuliwa hadi huku kwetu kunapoteza takriban shilingi bilioni 32 kwa mwaka, na kwamba Serikali inafikiria kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya Kaskazini. Kesho yake nilikuwa kwa kinyozi. Mnajua kwa kinyozi kulivyo, ndilo bunge letu. Kijana mmoja mwenye simu kubwa kuliko kiganja chake akasimama: "Tumejenga bwawa la megawati 2,115 Rufiji, halafu tunakwenda kununua kwa jirani? Huu ni wizi!" Watu wakapiga makofi. Kinyozi akazima mashine yake asikilize vizuri, huku kichwa changu kikiwa kimenyolewa upande mmoja.

Nikajaribu kueleza. Nikamwambia: chukua mpira wa maji, uunge kwenye bomba la Sanawari, uvute hadi Njiro, kila nyumba njiani itoboe tundu lake. Wa mwisho atapata nini? Atapata matone. Kaskazini tumekuwa nyumba ya mwisho kwenye mpira huo kwa miaka mingi. Umeme ukitembea kwenye waya unaupasha waya moto, na joto lile ni pesa inayopaa hewani ikiwapa ndege joto la miguu. Ukitaka kupunguza hasara, unapandisha msongo, yaani ile presha inayousukuma umeme kwenye waya, inayopimwa kwa volti. Umeme uleule ukisafirishwa kwa msongo mara mbili, mkondo, yaani wingi wa umeme unaopita kwenye waya, unakuwa nusu, na hasara inashuka hadi robo. Ndiyo sababu laini ya kilovolti 132, ile inayotoka Hale ikapita Kiyungi pale Moshi hadi kituo cha kupoza umeme cha Njiro, haiwezi kufanana na laini mpya ya kilovolti 400 inayotoka Singida hadi Namanga na kuvuka kwenda Isinya nchini Kenya. Kwa waya wa unene uleule na mzigo uleule, hasara ya ile kubwa ni kama sehemu moja ya tisa ya hasara ya ile ndogo. Na waya mkubwa wa namna hiyo haubagui upande. Leo unaleta, kesho unapeleka.

Wakanisikiliza kidogo. Kisha kijana akasema: "Mzee, unawatetea kwa sababu umekula mshahara wao." Waheshimiwa, sijawahi kula hata chai yenu. Nilikuwa fundi wa nje maisha yangu yote. Kilichoniuma ni kwamba sikuwa na karatasi hata moja ya kumwonyesha. Sikuwa na kijitabu, wala picha, wala kibao cha maelezo mahali popote mjini. Nilikuwa na mdomo wangu tu, na mdomo wa mzee siku hizi thamani yake ni ndogo kuliko simu.

Basi nikaanza kutafuta mwenyewe. Nikaenda ofisi moja ya umma mjini hapa, sitaitaja, nikaomba kuona kumbukumbu za zamani za umeme wa mkoa. Nikaambiwa niandike barua. Nikaandika. Nikaambiwa ipelekwe kwa mwingine. Huyo mwingine akaniuliza, kwa upole kabisa, "Mzee, una deni au unataka kufungiwa mita?" Kwake, mwananchi anayefika na neno umeme mdomoni lazima awe na moja kati ya shida hizo mbili. Simlaumu. Hajawahi kuona wa tatu.

Nitawasimulia basi mambo ambayo kijana yule angepaswa kuyakuta shuleni, nanyi mtaona kwa nini yana faida kwenu kuliko kwangu.

Watu wengi wanadhani shirika hili lilizaliwa Dar es Salaam. Mjini Dar ni kweli Wajerumani waliwasha umeme mwaka 1908, kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji walikoishi maofisa wao. Waingereza walipochukua nchi wakaunda Idara ya Umeme ya Serikali mwaka 1920. Mwaka 1931 Serikali ya kikoloni ikaachia biashara hiyo kwa watu binafsi, na zikatokea kampuni mbili. Moja ilikuwa DARESCO, ya Dar es Salaam na wilaya zake. Ya pili ilikuwa Tanganyika Electric Supply Company, ambayo macho yake yalikuwa Tanga, kwenye maporomoko ya Mto Pangani na mashamba ya mkonge. Hiyo ya pili ndiyo TANESCO. Jina mnalolibandika leo kwenye kila gari lenye ngazi lilianza kama jina la kampuni ya kuwashia taa viwanda vya mkonge. Baadaye Tanganyika ikatoka ndani ya jina, Tanzania ikaingia, na herufi zikabaki zilezile. Sijaona ubatizo uliogharimu rangi kidogo kama huo.

Kuna jambo la kumnyamazisha kijana wa kwa kinyozi, au la kumfanya apige kelele zaidi, inategemea. Mwaka 1932 kampuni ya Nairobi iliyoitwa East African Power and Lighting ilinunua hisa za kuitawala TANESCO. Kampuni hiyo yenyewe iliundwa mwaka 1922 kwa kuunganisha kampuni ya umeme ya Mombasa na ya Nairobi. Na ile ya Mombasa ilianzia kwenye jenereta ambayo Sultani Barghash wa Zanzibar aliinunua mwaka 1875 kuangazia jumba lake na mitaa ya jirani. Mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jeevanjee akainunua mwaka 1908, mwaka uleule Wajerumani walipokuwa wakiwasha taa zao Dar. Mashine ya Sultani ikazaa kampuni ya Mombasa, Mombasa na Nairobi zikazaa kampuni moja, na kampuni hiyo ikaja kukaa juu ya kiti cha TANESCO hadi mwaka 1964, Serikali yetu ilipozinunua zile hisa.

Kwa hiyo kwa miaka thelathini na zaidi, shirika hili lilikuwa na bwana Nairobi. Kijana akilijua hilo, hatashangaa tena kusikia umeme unavuka Namanga. Ataweza kuuliza swali lenye akili: zamani jirani alikuwa mwenye mali, leo atakuwa nani? Muuzaji tu? Mpitishaji? Mteja wetu pia siku Rufiji ikijaa? Kumiliki ni kitu kimoja na kuuziana ni kingine, na mtu anayejua historia ndiye anayeweza kuzitenganisha. Asiyeijua anaona yote ni wizi. Waheshimiwa, mnalipia matangazo ya redio kujibu makelele ambayo kijitabu cha kurasa arobaini kingeyazuia.

Turudi kwetu mlimani, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Mvua inanyesha Meru na Kilimanjaro. Maji yanashuka kwa mifereji, mingine wamechimba babu zetu Wachagga kwa majembe yao, yanaingia mito midogo, mito midogo inaingia Kikuletwa. Kikuletwa inakutana na Ruvu pale Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo jina linabadilika, inakuwa Pangani, inashuka hadi bahari. Katika safari hiyo maji yaleyale yanafanyishwa kazi mara nyingi kama punda wa sokoni. Nyumba ya Mungu yanazungusha mitambo ya megawati 8, iliyoanza mwaka 1968. Hale yanazungusha megawati 21, tangu 1964. Chini zaidi kuna Pangani mpya ya megawati 68, iliyokuja katikati ya miaka ya 1990 kuchukua nafasi ya ile ya kale ya wakoloni. Maji ya mlima wetu yalianza kuwasha mashamba ya mkonge ya Tanga miaka ya 1930, wakati bibi yangu kule Uru alikuwa akipima mafuta ya taa kwa kijiko.

Lakini hatukuachwa kabisa. Kuna mahali panaitwa Kikuletwa, katika Wilaya ya Hai, si mbali na zile chemchemi za Chemka ambazo watalii na wanafunzi wa vyuo wanakwenda kuogelea na kupiga picha. Pale palijengwa miaka ya 1930 kituo kidogo cha kufua umeme, cha megawati moja na kitu. Kilifanya kazi kwa nusu karne, kikasimama miaka ya 1980. Nilifika pale kwa mara ya kwanza kikiwa tayari kimezima. Nilikwenda na fundi mkubwa wangu, Mungu amrehemu, aliyetaka kunionyesha "mama wa kazi yetu". Tulikuta nyasi, kuta, chuma kikubwa kilichoshika kutu, na sauti ya maji yanayopita bila kuulizwa chochote. Alivua kofia. Mimi kijana nikataka kucheka, nikajizuia.

Nashukuru kwamba Chuo cha Ufundi Arusha kimekabidhiwa eneo lile na kuligeuza kituo cha mafunzo na utafiti wa nishati jadidifu. Hilo ni jambo jema kuliko mengi, na aliyetoa wazo hilo apewe kiti cha mbele. Ombi langu linaanzia pale. Mnapowafundisha vijana kuhusu mitambo mipya, watengeeni chumba kimoja tu wakaione ya kale. Chuma kile chenye kutu kisafishwe, kipakwe mafuta, kiandikwe mwaka na nguvu yake, na kiandikwe pia majina ya waliokihudumia: mpiga grisi, mlinzi wa mlango wa maji, aliyekuwa akiamka usiku kutoa majani kwenye wavu. Wote walikuwa na majina. Vitabu vya mishahara vya zamani kokote vilipo vina majina hayo. Tusisubiri panya wamalize kuyasoma.

Nifungue mabano hapa. Neno letu "kufua umeme" nalipenda sana. Wageni wanadhani ni kufua nguo. Sisi tunajua ni kufua kama mhunzi anavyofua chuma, kwa nguvu na moto na jasho. Aliyelichagua neno hilo alijua kazi. Nafunga mabano.

Tarehe 9 Desemba 1961 mwenge ukapandishwa kileleni Kilimanjaro ukamulike hata nje ya mipaka yetu. Chini yake vijijini, wengi tulikuwa na koroboi. Sisemi kwa kejeli. Nasema kwa sababu mwenge ule ulikuwa ahadi, na ahadi nyingine iliandikwa hapahapa Arusha, Kaloleni, kilomita chache kutoka ninapokaa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipotaja njia kuu za uchumi zinazopaswa kuwa mikononi mwa wakulima na wafanyakazi, liliorodhesha ardhi, misitu, madini, maji, na halikusahau mafuta na umeme. Kufikia mwaka 1975 hisa zote za shirika zilikuwa mali ya Serikali. Mwaka huohuo Kidatu ikaanza kutoa umeme, na kutoka hapo gridi ya Taifa ikaanza kuwa gridi kweli. Sisi wa Kaskazini tukawa tunakula sahani moja na Dar es Salaam, ingawa tumekaa mwisho wa mkeka.

Nyumba ya kwanza niliyoiwashia taa kwa mkono wangu ilikuwa Majengo, Moshi. Mama mwenye nyumba alikuwa mjane muuza ndizi. Alikuwa amenunua globu moja tu, ya wati 40, akaifunga kwenye kitambaa akaiweka kabatini miezi minne akisubiri laini. Tulipowasha, hakushangilia. Alitazama kuta zake, akaona masizi ya miaka ishirini ya mafuta ya taa ambayo hakuwahi kuyaona, akaanza kulia, akaomba tuzime ili apake chokaa kwanza. Nimefanya kazi hoteli kubwa, nimefunga taa za harusi na za matanga, lakini nyumba ile ndiyo ninayoikumbuka. Hadithi kama hizo wako nazo mafundi wote wa zamani wa mikoa hii miwili, na wanakufa nazo. Mwaka jana pekee nimezika watatu.

Sasa niseme lililo chungu kidogo.

Historia ya shirika ina sehemu ambazo wakubwa huzipita haraka kama anayepita mbele ya duka alilokopa. Ukame wa mwaka 1992 na 1994 ulileta mgao. Katika hofu ya mgao ukasainiwa mkataba na IPTL, kampuni binafsi ya kufua umeme, mwaka 1995, mitambo ya mafuta ya megawati 100 pale Tegeta, na kesi zake zikatuandama hadi sakata la fedha za Escrow, zile zilizowekwa pembeni kusubiri ugomvi uishe, mwaka 2014. Mwaka 2002 uongozi wa shirika ukakabidhiwa kampuni ya Afrika Kusini, Net Group Solutions, ikakaa hadi 2006. Mwaka huo wa 2006 ukame mwingine, mgao mwingine, na mkataba mwingine wa dharura wa megawati 100, ule wa Richmond. Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa, mbunge wa jirani zetu wa Monduli, akajiuzulu kwa sababu ya sakata hilo. Siku ile mitaa ya Arusha ilikuwa kimya kwa namna ya pekee, kila mtu na redio yake.

Siandiki haya kufukua makaburi. Naandika kwa sababu yote yanafuata njia moja: mvua zinakosekana, mabwawa yanashuka, taa zinazimika, watu wanapiga kelele, na katika giza hilo mtu analeta kalamu. Mkataba unaosainiwa gizani husomwa baadaye mchana. Kama kumbukumbu za 1995 zingekuwa wazi na zinafundishwa, aliyekuwa anashika kalamu mwaka 2006 angekuwa na kitu cha kumshika mkono. Leo tuna laini ya kwenda Kenya na Rufiji yenye mashine tisa za megawati 235 kila moja, ya kwanza iliyowashwa Februari 2024. Hatuna ukame wa kutukimbiza. Huu ndio wakati mzuri wa kuweka mambo mezani kwa utulivu, kabla mbingu hazijafunga tena.

Kwa hiyo ombi langu lina mkia. Kama umeme utanunuliwa nje kwa ajili yetu, kabla ya wino kukauka tupeni maelezo yake kwa Kiswahili cha kawaida: ni kiasi gani, kwa bei gani kwa yuniti ukilinganisha na wa ndani ukijumlisha na hasara ya njiani, kwa muda gani, na atakayevunja mkataba atalipa nini. Zile bilioni 32 zilizotajwa nazo mtuonyeshe hesabu yake, zinapotelea laini ipi na kituo kipi. Mimi fundi nikiiona hesabu, nitaieleza kwa kinyozi bure. Wako mafundi wengi mikoa hii, na kila mmoja ana kinyozi wake. Hata mama lishe wa Soko la Kilombero mwenye jiko la sahani mbili anaijua yuniti. Tangu LUKU ilipoingia katikati ya miaka ya 1990, Mtanzania wa kawaida amejifunza kuhesabu umeme kwa macho kuliko mhasibu. Anajua elfu mbili inapika maharage mangapi. Msidhani hesabu itamchanganya.

Kwa hakika LUKU yenyewe inastahili ukurasa wake. Vijana wa leo hawamjui msoma mita. Alikuwa mtu wa heshima na wa kuogopwa, anaingia hadi uani na tochi, mbwa wanamjua kwa jina. Anainama kwenye kile kisahani kinachozunguka, anaandika, anaondoka, na familia nzima inabaki ikisubiri bili kama matokeo ya mtihani. Kuna waliokuwa wakiweka sumaku juu ya mita kisahani kizunguke polepole. Sitasema waliishi mtaa gani, wengine sasa ni wazee wa kanisa. Kisha tukaambiwa Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, tokeni za tarakimu ishirini, na uhusiano wa mwananchi na shirika ukageuka kabisa. Zamani shirika ndilo lililotukopesha na kutuamini. Siku hizi sisi ndio tunaolipa kwanza na kuliamini. Mabadiliko makubwa hivyo ya imani kati ya watu na shirika lao, nani ameyaandika?

Na vishoka, je? Kila mtaa una hadithi ya jamaa mwenye kofia ya plastiki na kitambulisho cha kubandika kwa gundi, aliyechukua pesa za watu kumi akawaahidi nguzo. Hilo nalo ni historia. Kishoka huota mahali ambapo utaratibu haueleweki. Mwananchi akijua tu kwamba ada ya kuunganishiwa ni ile iliyotangazwa, shilingi 320,960 mjini na 27,000 kijijini kama ilivyowekwa mwaka 2022, na kwamba ikibadilika itatangazwa kwa sauti ileile, kishoka anakosa pa kushika.

Wakuu wa Mikoa yetu miwili, nanyi nina neno lenu. Arusha tuna jengo la kumbukumbu la Azimio, tuna Mnara wa Saa ambao kila mgeni anapiga picha chini yake, tuna hata kiwanda kinachotengeneza transfoma tangu miaka ya 1980, na watoto wetu wanapita nje ya ukuta wake bila kujua kwamba transfoma ya mtaa wao huenda ilizaliwa hapo. Moshi kuna kituo cha umeme cha Kiyungi, kuna kiwanda cha sukari cha TPC kule Arusha Chini wanaochoma makapi ya miwa wakajifulia umeme wao wenyewe. Mwalimu wa sayansi akiwa na basi moja na siku mbili anaweza kuwatembeza wanafunzi kutoka Kikuletwa hadi Nyumba ya Mungu hadi Njiro, wakaona jinsi tone la mvua la Kibosho linavyokuwa mwanga wa taa ya Sakina. Basi hilo mnaweza kulipata bila kwenda Dodoma.

Kuhusu wazee, msikawie. Tumeni vijana wawili wenye simu za kurekodi, wakae na wastaafu wa vituo vya Hale, Nyumba ya Mungu na Kiyungi, na mafundi wa nje kama mimi, na hata wake zao, maana wao ndio waliokuwa wakibaki nyumbani usiku wa dhoruba mume ameitwa kupanda nguzo. Wawaulize maswali madogomadogo. Mlikula nini zamu ya usiku? Nani alikufundisha kuzika ethi, ule waya wa usalama wa ardhini, na mkaa na chumvi? Siku umeme ulipomuua mwenzenu, mlifanyaje?

Mimi niko tayari kuwa wa kwanza kuhojiwa. Tena nina kitu cha kuchangia. Chini ya kitanda changu kuna mita ya zamani ya kisahani, niliyoitoa kwenye nyumba ya yule mama wa Majengo siku alipofungiwa LUKU, na hakuna aliyekuja kuichukua. Namba zake bado zinasomeka. Ukiipuliza, kisahani kinazunguka. Mke wangu anaitaka itupwe kila tunapofanya usafi wa Krismasi. Najua kisheria ni mali yenu, na barua hii sasa ni ushahidi dhidi yangu. Njooni muichukue basi, ila mje na kabati la kioo.

Wenu katika kazi,

Fundi mstaafu,
Ngarenaro, Arusha